Rais akiondoka, atuachie karatasi



Siku chache zilizopita nilikuwa nimekaa na familia za wahami waliokimbia kutoka upande wa Kanyabayonga na Kirumba mwaka 2024. Tulikuwa chini ya turubai, mvua inanyesha, na redio ndogo ilikuwa imewashwa. Habari ikaja kuhusu kituo kikubwa cha kumbukumbu cha Barack Obama, rais wa zamani wa Marekani, katika mji wa Chicago. Kijana mmoja mwenye diploma ya serikali, asiye na kazi, akaniuliza: “Kaka mwandishi, huyu mtu amekwisha kutawala. Pesa anayo, jina analo. Maktaba ni ya nini tena? Vitabu hivyo atavisoma nani?”

Mzee mmoja akajibu kabla yangu: “Anajenga kaburi lake mapema.” Watu wakacheka.

Mama mmoja hakucheka. Alikuwa ameshika sacheti nyeusi aliyoifunga kwa kamba. Ndani yake alikuwa na kadi ya mchaguzi, buletini za watoto, cheti cha ndoa na karatasi ya shamba iliyoliwa pembeni na maji. Alitembea siku tatu na sacheti hiyo kifuani, sufuria akaziacha. Akasema: “Huyo anaogopa kusahauliwa. Na mimi naogopa vilevile.”

Maneno yake sikuyasahau, na ndiyo yamenifanya niandike leo. Swali la yule kijana ni zuri na linatuhusu sisi Wakongomani kuliko tunavyodhani.

Maktaba ya rais ni kitu gani?

Kwanza tuelewane. Marekani wanaposema maktaba ya rais, hawana maana ya nyumba ya vitabu vya kuazima. Ni mahali panapowekwa karatasi za kazi ya rais: barua alizopokea na alizotuma, kumbukumbu za mikutano, ripoti za mabalozi na majasusi, picha, kanda za sauti. Kando yake kuna jumba la makumbusho kwa wageni. Mara nyingi kuna kaburi pia. Yule mzee hakukosea sana: Roosevelt, Truman, Eisenhower, Nixon na Reagan wote wamezikwa kwenye viwanja vya maktaba zao.

Zamani haikuwa hivyo. Tangu George Washington, rais wa kwanza, kila rais alipomaliza muda wake alifunga masanduku yake na kwenda nayo nyumbani, kama mtu anayehama na vyombo vyake. Karatasi zilihesabiwa kuwa mali yake binafsi, na nyingi zilipotea. Chester Arthur alizichoma karibu zote kabla hajafa mwaka 1886. Mjane wa Warren Harding alichoma nyingi za mumewe. Na Zachary Taylor, aliyefariki mwaka 1850 akiwa madarakani, karatasi zake zilikuwa nyumbani kwa mtoto wake huko Louisiana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika, wanajeshi wakaingia katika nyumba ile, na sehemu kubwa ikaangamia. Kwa hiyo hata familia ya rais wa Marekani iliwahi kupoteza karatasi zake kwa sababu ya wanajeshi waliovamia nyumba. Hilo tunalifahamu vizuri hapa kwetu.

Aliyebadilisha desturi hiyo ni Franklin Roosevelt. Mwaka 1938 alitangaza kwamba karatasi zake zitakuwa za taifa. Akatoa sehemu ya shamba la familia yake huko Hyde Park, jimbo la New York, marafiki wakachanga pesa, nyumba ikajengwa, kisha akaikabidhi serikali. Ilifunguliwa mwaka 1941, naye akiwa bado rais. Mwaka 1955 bunge likatunga sheria ya kuwaruhusu marais wengine wafuate njia hiyo: watu binafsi wanajenga, serikali inapokea na kutunza. Leo, kuanzia Herbert Hoover hadi George W. Bush, maktaba 13 za namna hiyo zinaendeshwa na hifadhi ya nyaraka ya taifa lao.

Kwa nini wanajenga?

Sababu ya kwanza ni ile aliyoisema yule mama: woga wa kusahauliwa. Mtu aliyezoea kuamriwa milango ifunguliwe mbele yake, siku moja anaamka na hakuna anayempigia saluti. Kujenga nyumba yenye jina lake kunampa faraja. Katika hilo rais ni binadamu kama sisi.

Sababu ya pili ni kujitetea. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Rais wa zamani anataka kuwa wa kwanza kueleza hadithi yake. Anachagua picha ipi itundikwe mlangoni, vita gani viitwe ushindi, kosa gani lisemwe kwa sauti ndogo. Mfano ulio wazi ni Richard Nixon. Alijiuzulu tarehe 9 Agosti 1974 kwa sababu ya kashfa ya Watergate, watu wake walipovunja ofisi za chama cha upinzani naye akasaidia kuficha. Wafuasi wake walimjengea maktaba huko Yorba Linda, California, ikafunguliwa mwaka 1990. Mgeni aliyeingia humo alisomeshwa kwamba maadui wa Nixon ndio waliotumia kashfa ile kumpindua. Mpaka hifadhi ya taifa ilipochukua nyumba ile mwaka 2007, na mwaka 2011 ikafungua chumba kipya kinachoeleza Watergate kwa ushahidi wa kanda na karatasi, familia ya rafiki zake ikiwa imenuna. Basi jumba lilelile lilidanganya, kisha likasema kweli. Kilichobadilika ni nani alikuwa na ufunguo.

Sababu ya tatu ni pesa na ushawishi. Nyumba hizi hugharimu mamilioni ya dola, na pesa hizo hutoka kwa matajiri. Tajiri gani anampa rais pesa bure? Tarehe 20 Januari 2001, siku yake ya mwisho madarakani, Bill Clinton alimsamehe mfanyabiashara Marc Rich aliyekuwa amekimbia mashtaka ya kodi. Baadaye ikajulikana kwamba mke wa zamani wa mtu huyo alikuwa ametoa dola 450 000 kwa mfuko wa maktaba ya Clinton. Clinton alikana kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Lakini harufu ilibaki.

Hapa Afrika nako tumeona. Olusegun Obasanjo wa Nigeria alikusanya michango ya maktaba yake mwaka 2005, akiwa bado rais. Magavana na wafanyabiashara wakubwa walitoa, na raia wengi wakauliza: anayekataa kumchangia rais aliye madarakani anabaki salama? Mwanasheria Gani Fawehinmi aliipinga michango ile mahakamani. Maktaba yenyewe ilifunguliwa Abeokuta, kwao, mwaka 2017. Ni nyumba nzuri, watu wanaitembelea, lakini swali lile halijafutika.

Basi nikimjibu yule kijana kwa mkato ningesema: wanajenga kwa sababu ya jina, kwa sababu ya woga wa hukumu, na kwa sababu kuna watu wanaofaidika kwa kuwajengea. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimempa nusu ya jibu. Nusu ya pili ndiyo iliyo muhimu kwetu.

Siku karatasi zilipokuwa za raia

Turudi kwa Nixon. Alipoondoka aliacha maelfu ya saa za sauti. Alikuwa ameficha vinasa sauti ofisini, akajinasa mwenyewe. Akafanya mapatano na ofisi moja ya serikali yatakayomruhusu baadaye kuharibu kanda hizo. Bunge likashtuka. Mwezi Desemba 1974 likatunga sheria ya kuzikamata kanda na karatasi zake zisiharibiwe. Halafu mwaka 1978 likaenda mbali zaidi: kuanzia rais atakayeingia Januari 1981, karatasi za kazi za rais ni mali ya raia. Rais akitoka mlangoni, karatasi zinabaki kwa mtunza nyaraka wa taifa. Baada ya miaka mitano raia yeyote anaweza kuomba kuziona, ingawa zile nyeti zinaweza kufungwa hadi miaka 12, na za siri za usalama hata zaidi.

Hapo mchezo ulibadilika. Rais anaweza kujenga jumba la marumaru, akaweka ndege yake ndani, kama ile ya Reagan iliyowekwa Simi Valley. Anaweza kujisifu ukutani mpaka rangi ikatike. Karatasi haziko chini ya amri yake tena. Mtafiti anaingia kwa mlango wa nyuma na kusoma yale ambayo mlango wa mbele hauyasemi.

Sisemi kwamba kule kila kitu ni safi. Mwaka 2022 hifadhi ya taifa ililazimika kuchukua masanduku 15 ya nyaraka kutoka nyumba ya Donald Trump huko Florida. Polisi wa shirikisho wakaja kupekua, akashtakiwa mwaka 2023, na mwaka 2024 jaji akaitupa kesi. Sheria inavutwa huku na huku hata kwao. Lakini ipo, na kila mtu anajua karatasi zilitakiwa kuwa wapi. Obama naye alichagua njia tofauti: kituo chake cha Chicago, ambacho ujenzi wake ulianza mwaka 2021, hakitunzi nyaraka za serikali yake. Nyaraka zimebaki mikononi mwa hifadhi ya taifa, zinageuzwa ziweze kusomwa kwa intaneti. Jumba ni lake, karatasi ni za raia. Vitu viwili vimetenganishwa.

Lumumba wetu yuko Kansas

Sasa mtaniuliza: mwandishi, haya ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi tunaolala chini ya turubai?

Yanatuhusu kwa sababu sehemu ya historia yetu imefungiwa katika nyumba hizo.

Dwight Eisenhower alikuwa rais wa Marekani Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Maktaba yake iko Abilene, mji mdogo wa mashambani katika jimbo la Kansas, na ndani yake kuna kumbukumbu za mikutano ya baraza lake la usalama. Tarehe 18 Agosti 1960 baraza hilo lilikaa na kuzungumza juu ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu. Mwaka 1975 kamati ya baraza la seneti ilipochunguza mambo ya siri ya majasusi wao, mfanyakazi mmoja aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano ule, Robert Johnson, alieleza kwamba alimsikia rais akisema maneno aliyoyaelewa kuwa amri ya kumwua Lumumba. Wengine waliokuwepo walisema hawakumbuki maneno hayo. Lakini kamati ilithibitisha kwamba shirika la ujasusi la CIA lilipeleka sumu Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kwa ajili ya Lumumba. Sumu ile haikutumika. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 mbele ya maofisa wa Kikatanga na Wabelgiji.

Eisenhower hakujengewa maktaba ili Mkongomani ajue habari hizo. Jumba lake linamsifu kama jenerali aliyeshinda vita vikuu vya pili. Lakini karatasi zilitunzwa, na karatasi iliyotunzwa haichagui rafiki. Inangoja tu mtu wa kuifungua.

Ubelgiji ni hivyo hivyo. Kwa miaka mingi walituambia kifo cha Lumumba ni jambo la Waafrika wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1999 Ludo De Witte, Mbelgiji, akatoa kitabu alichokiandika kwa kuchimba nyaraka. Bunge la Ubelgiji likaunda tume, ikafungua makabati, na mwaka 2001 ikasema kwamba baadhi ya mawaziri na viongozi wa Ubelgiji wa wakati ule wana jukumu la kimaadili katika kifo kile. Mwezi Februari 2002 serikali yao ikaomba msamaha. Na tarehe 20 Juni 2022 jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki kwenye mwili wake baada ya kuyeyushwa kwa asidi, likarudishwa kwa watoto wake. Njia ya jino lile kurudi nyumbani ilipita katika karatasi.

Linganisheni na Leopold wa Pili. Mwaka 1908, alipolazimishwa kuitoa Kongo mikononi mwake na kuikabidhi Ubelgiji, aliamuru nyaraka za utawala wake zichomwe huko Brussels. Moto ukawaka kwa siku kadhaa. Leo tukitaka kuhesabu waliokufa kwa ajili ya mpira na pembe, kila mtu ana idadi yake, na wanaotaka kukana wanapata nafasi ya kukana. Mfalme huyo alijua vizuri kazi ya karatasi, ndiyo maana aliziogopa.

Na sisi?

Nchi yetu imekuwa na marais watano: Kasa-Vubu, Mobutu, Laurent-Désiré Kabila, Joseph Kabila na Félix Tshisekedi. Tumejenga makaburi ya heshima. Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa mwezi Januari 2001, amelazwa Kinshasa mbele ya ikulu. Jino la Lumumba limejengewa mahali pake Limete. Sina neno juu ya hayo, wafu waheshimiwe. Mobutu yeye amelala Rabat, Moroko, tangu mwaka 1997, na majumba yake ya Gbadolite yaliporwa mpaka yakabaki kuta na majani.

Lakini nauliza kama raia: miaka 32 ya Mobutu, mikataba ya madini iliyotiwa saini, amri za kukamata watu, barua kati yake na marais wa Marekani na Ufaransa, mwanafunzi wa Butembo au wa Kindu atakwenda kuzisoma wapi? Kwa sehemu kubwa anatakiwa kuomba viza. Upande mmoja wa barua zile uko katika maktaba za marais wa Marekani, mwingine uko Ulaya. Ukitaka kujua rais wako alisema nini, unasoma nakala aliyopokea mgeni.

Hata mateso yetu yameandikwa kwa namna hiyo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Mapping, iliyotolewa mwezi Oktoba 2010, ilikusanya visa 617 vya ukatili mkubwa kati ya mwaka 1993 na 2003. Wachunguzi walizunguka nchi nzima kusikiliza watu. Kazi njema. Lakini zaidi ya miaka 15 imepita, na hakuna mahakama maalumu iliyoundwa kuhukumu visa hivyo. Karatasi ipo, haijapewa mlango wa kuingilia.

Nataka kuwa mkweli: mfano wa Marekani siuombi mzima mzima. Rais wa kwetu akisema leo anajenga maktaba, nina woga na yatakayofuata. Michango ya lazima kutoka kampuni za madini, kandarasi kwa shemeji, jumba lenye vioo katika mji usio na maji, halafu ndani yake picha 200 za mtu mmoja. Jumba la namna hiyo tusilikubali hata tukipewa bure.

Tunachohitaji ni kile cha nyuma ya jumba: sheria yenye meno inayosema kwamba karatasi za rais, za waziri, za gavana na za kamanda ni mali ya taifa, kwamba anayezichoma au kuzibeba ni mwizi, na kwamba baada ya miaka inayojulikana raia anaruhusiwa kuzisoma. Nyumba yenyewe inaweza kuwa ya matofali ya kawaida, mradi paa halivuji na panya hawaingii.

Sacheti ya yule mama

Wengine watasema: mwandishi, watu wana njaa, wewe unaongea karatasi. Nimesikia. Niwaambie kisa kimoja changu.

Baba yangu alinunua kiwanja miaka mingi kabla ya vita hivi. Alipewa karatasi yenye muhuri, na jina lake likaandikwa katika kitabu cha ofisi. Siku tulipokimbia, karatasi yetu ilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ikaungua. Tuliporudi tulikuta mtu mwingine amejenga. Tukaenda ofisini, tukaambiwa kitabu cha miaka ile hakionekani. Yule mtu alikuwa na karatasi mpya. Baba alikuwa na mashahidi wawili, wazee, mmoja akafa kabla kesi haijasikilizwa. Mpaka leo kiwanja si chetu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, likapotea, na mali ikalifuata.

Ni familia ngapi hapa zina kisa kama hicho? Vita vyetu vingi mzizi wake ni shamba. Mtu anarudi kijijini, anakuta jirani, mwanajeshi au tajiri wa mjini juu ya shamba lake, na hakuna kitabu cha kuwaamua. Hapo kijana anachukua panga au anaingia msituni kutafuta bunduki. Kama daftari la usultani lingekuwa na nakala mahali salama, baadhi ya mapanga yale yangebaki kwenye kuni.

Kwa hiyo rais anayechoma karatasi za ikulu na karani anayepoteza daftari la kijiji wanafanya dhambi moja. Wote wawili wanamnyima raia ushahidi. Tofauti ni ukubwa wa moto tu. Na nchi ambayo mkubwa wake hatoi hesabu ya karatasi zake, mdogo wake atatunza daftari kwa sababu gani?

Nina maombi matatu.

Kwa viongozi wetu, wabunge hasa: mnapokuja kuomba kura, tutawauliza juu ya barabara na usalama, na tutawauliza pia juu ya nyaraka. Chombo cha taifa cha kutunza nyaraka kipewe pesa, majengo na wafanyakazi wanaolipwa, na majimbo nayo yapate sehemu yao. Marais wastaafu walio hai waanze wao wenyewe. Joseph Kabila alikabidhi madaraka mwezi Januari 2019, na mabadilishano yale yalisifiwa na wengi. Rais akikabidhi karatasi pamoja na kiti, atakuwa amekabidhi kweli. Anayetawala leo naye ajue kwamba siku yake itafika.

Kwa wasultani, machifu wa vijiji, mapadri, wachungaji na wakuu wa shule: daftari lenu la ubatizo, la ndoa, la wanafunzi, la mashamba, ndilo maktaba ya watu wadogo. Lipigeni picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, na picha hizo zihifadhiwe mahali pawili au patatu, moja mbali na mapigano. Kazi hiyo inahitaji kijana mmoja mwaminifu na siku chache, na vijana wenye diploma wasio na kazi tunao wengi.

Kwa familia za wahami: fanyeni kama yule mama. Sacheti isiyopitisha maji, kadi, buletini, cheti, karatasi ya shamba. Mwenye simu apige picha na amtumie ndugu aliye mji mwingine. Asiye na karatasi yoyote aandike, au amwombe mtoto anayejua kuandika: jina la baba na la babu, jina la kijiji, majirani wa shamba upande wa mashariki na magharibi, mto unapopita, mti uliopandwa mpakani, tarehe mliyokimbia. Mashahidi waweke sahihi au alama ya kidole wakiwa bado hai. Haitakuwa hati kamili mbele ya mahakama, lakini itakuwa neno lililoandikwa, na neno hilo halitakimbia wala kufa kama shahidi.

Nilirudi juzi kule kambini. Yule kijana aliyeniuliza swali alikuwa amekaa kwenye dumu, daftari la shule magotini, anaandika majina ambayo yule mzee aliyechekesha watu alikuwa anamtajia: mlima, kijito, mipaka ya mashamba ya ukoo wao. Nikamtania: “Naona na wewe umeanza maktaba yako.” Mzee akajibu kwa niaba yake, tena kabla yangu kumaliza: “Hii siyo kaburi, mwanangu. Hii ni njia ya kurudi nyumbani.”

Mwandishi wenu, kutoka Kivu ya Kaskazini.